Bati jipya juu ya bati lililooza

Twende moja kwa moja dakika ya 14. Kila aliyenirushia ile video ya fundi anayetengeneza gari aina ya Noah la rangi ya fedha aliirusha na sifa zake: huyu si kama wale wababaishaji wanaoziba matundu kwa puti na gazeti, huyu anaweka bati. Nimeitazama, nikairudia. Bati aliweka kweli. Ugomvi wangu ni mahali alipoliweka.

Ilikuwa hivi. Rangi imeshakwanguliwa kwenye upinde wa tairi la nyuma, upande wa kushoto, grenda imepita, kamera imesogea karibu kabisa. Akachukua bisibisi bapa akaanza kugonga ukingo wa chini. Pigo la kwanza bati likaitika vizuri. La pili likaitika kwa sauti iliyokufa kidogo. La tatu, ncha ya bisibisi ikazama, na vumbi jekundu likamwagika juu ya tairi. Hapo hapana mjadala tena: unachora mstari, unakata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa. Yeye akapima, akakata kipande cha bati jipya kwa mkasi, akakikunja kufuata ule mviringo (mkono anao, simnyimi), akakilaza juu ya lile bati bovu, akakibana kwa koleo mbili, akakichomelea kwa nukta: moja hapa, nyingine pale, vidole viwili vitatu katikati. Kisha grenda, kisha puti, kisha wasifiaji.

Nisionekane sina shukrani. Kuosha, kukwangua, asidi ya fosforiki iliyopewa muda wake na kufutwa, rangi iliyochanganywa hadi ikalingana na mlango: yote sawa.

Sasa turudi pale kwenye upinde. Upinde wa tairi la nyuma ni bati mbili. Kuna la nje, tunaloliona na kulipiga rangi, na kuna la ndani, la nyumba ya tairi. Zinakutana ukingoni, zinalaliana, zinashonwa pamoja kwa nukta za kiwandani. Baina yake hubaki mwanya mwembamba kuliko ukucha. Kila gari linapotembea, tairi hurusha mchanga, tope na maji kwenye mshono huohuo, na maji yakishaingia kwenye mwanya wa namna ile hayatiririki, yanang'ang'ania. Ndani kabisa hewa ni haba, ukingoni ni tele, na tofauti hiyo ya oksijeni peke yake hutosha kulifanya bati la ndani liliwe huku ukingo ukionekana mzima. Tia chumvi juu yake. Maji ya chumvi hupitisha ule umeme mdogo wa kutu kwa urahisi kuliko maji ya mvua, na chumvi yenyewe hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo kwa sisi wa pwani hata usiku usio na tone la mvua mle ndani hapakauki. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inavimba, inayasukuma mabati mawili yaachane, inainua rangi. Vile vipele mnavyoviona nje, ambavyo mwenye gari huvigundua siku ya kuosha na kusema vimeanza jana, ni mwisho wa safari ndefu iliyoanzia upande usioonekana.

Kwa maneno mengine, maradhi ya upinde ule yalitokana na bati kulala juu ya bati na kuacha mwanya. Na fundi wetu alitibu kwa nini? Kwa kulaza bati la tatu juu ya yale mawili, na kuacha mwanya mwingine. Tena huu wa sasa ni mbaya zaidi. Ule wa kiwandani ulianza maisha yake ukiwa safi na praima yake. Huu umeanza na kutu tayari iko ndani, na moto wa kuchomelea umeunguza chochote kilichokuwa kimebaki kulinda upande wa nyuma. Nukta zenyewe zimeachana, maji yanapita katikati yake yakitokea chini, halafu juu tumefunika kwa puti ili tusione. Mvua za kwanza zitapita hapo salama. Za pili labda. Baada ya hapo mstari wa puti utaanza kuchora nywele, na mwenye gari atasema rangi ilikuwa feki.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia tangu zamani: hata kiwandani wanalaza bati juu ya bati. Ni kweli. Bodi ya gari la leo hushonwa ikiwa bati tupu, mara nyingi bati lenye zinki, kisha hutumbukizwa nzima kwenye dimbwi la praima na kupitishiwa umeme ili praima ikamate kila kona, mpaka ndani ya maboksi ambayo mkono haufiki. Inaokwa. Mishono inapakwa gundi ya kuzibia. Porsche walianza kuipaka zinki 911 katikati ya miaka ya 1970, Audi wakaja na Audi 80 ya mwaka 1986 yenye bodi nzima ya zinki, na wakati huo watu waliona ni kufuru ya gharama. Pamoja na ulinzi wote huo, pakianza kutu ni wapi? Ni kwenye mshono. Sasa kijana wa gereji asiye na dimbwi, asiye na tanuri, aliyeacha hata kupaka praima ya zinki kwenye nyuso zinazolaliana, anajipa ruhusa ya kiwanda kwa msingi gani?

Na kiwanda chenyewe kikibanwa hakiweki viraka. Toyota walipofikishwa mahakamani Marekani kwa ajili ya shasi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikioza, makubaliano ya mwaka 2016 yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 yalihusu kukagua, kupaka kinga, na shasi iliyokwisha kuondolewa na kuwekwa nyingine. Nzima.

Jibu la pili huwa ni la pesa: mteja hana uwezo. Hili linaniudhi zaidi ya lile la kwanza. Bati ni lilelile, mashine ni ileile, waya ni uleule. Kinachoongezeka ni muda wa kukata bati bovu na kusafisha ukingo. Tazameni wenyewe muda ulikokwenda kwenye ile video: klia mikono mitatu, msasa laini, dawa ya kung'arisha, kitambaa, kamera ikizunguka gari zima jua likiwaka juu ya rangi. Mteja asiye na uwezo ndiye hasa anayepaswa kukatiwa bati bovu na kuachiwa klia mkono mmoja. Gari halitobokei kwenye klia.

Ilipaswa kuwa hivi, na nitaisema mara moja tu. Unakata kuvuka kutu, sentimita mbili tatu ndani ya chuma kizima, kwa sababu kutu ya ndani huwa imetangulia ile ya nje. Likifunguka tundu, unasafisha bati la nyumba ya tairi kwa brashi ya waya. Kama nalo limekwisha, unalikata na kulijenga kwanza. Kiraka kinachongwa kiingie kwenye tundu, ukingo kwa ukingo, kisilale juu. Unene ulingane na wa bodi, ambao kwa bati za nje huwa milimita 0.7 au 0.8. Unashika kwa nukta zilizoachana, unaruka kutoka kona hii hadi ile ili bati lisijikunje kwa joto, unaacha lipoe, unajaza katikati hadi mshono ufunge wote. Grenda kwa upole. Epoksi mbele na nyuma. Gundi ya kuzibia kwenye ukingo wa chini pale mabati mawili yanapokutana. Puti, kama inahitajika, inakuja juu ya epoksi na iwe nyembamba. Siku ya mwisho kabisa, rangi ikishakauka, unatoa plastiki ya ndani ya buti na kupuliza nta ya maji mle ndani ya upinde mpaka uione ikichuruzika chini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi usiku mnapolala.

Angalau hakutumia bati la paa. Wapo bado wanaokata mabati ya nyumba ya geji 30, ambayo hayafiki hata nusu ya unene wa bodi, wakayachomelea na zinki yake, wakavuta ule moshi mweupe na kulala na homa na kutetemeka usiku. Asubuhi wanakunywa maziwa na kurudi kazini.

Sasa niseme la wazee, maana mtasema kila safari narudi hapo. Narudi kwa sababu. Mafundi bodi wa Gerezani, kule Dar, wa zama za Peugeot 504 hawakuwa na mashine ya MIG. Walikuwa na gesi, na gesi hupeleka joto jingi kwenye bati, kwa hiyo wangeweza kabisa kujitetea kwamba kukata na kuunga ukingo kwa ukingo kutakunja paneli nzima. Hawakujitetea. Waliunga kidogo, na kabla mshono haujapoa nyundo ilikuwa juu na chuma cha kukingia chini, wakiubonda ule mshono ukiwa bado mwekundu hadi ulale sawa na bati. Ukipitisha kidole huoni mahali ulipo. Ukipitisha upande wa nyuma, huoni vilevile. Hiyo ya upande wa nyuma ndiyo tofauti yao na wa leo.

Halafu, badala ya puti, walikuwa na risasi. Vijana wengi hawajawahi kuiona ikipakwa. Fito ya risasi na bati laini hupashwa moto taratibu. Mchanganyiko wenye asilimia 30 ya bati laini huanza kulainika kwenye nyuzi 183 na hauyeyuki wote mpaka ufike kama 255, na kati ya hapo unakuwa uji mzito unaoweza kuutandaza. Fundi aliutandaza kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta kisishike, mkono mmoja ukiongoza moto, mwingine kibao, na akizidisha moto hatua moja tu kazi yote inadondoka chini kama maji. Lakini ustadi huo sio ninaousifia. Ninachosifia ni kwamba risasi haishiki kwenye kutu. Haishiki kabisa. Bati lisipong'aa na kupakwa kwanza utando mwembamba wa madini hayohayo, risasi inajikusanya matone na kuanguka. Fundi mvivu alijulikana papo hapo, mbele ya mteja. Puti ya poliesta inashika juu ya kitu chochote kwa miezi kadhaa: juu ya kutu, juu ya rangi ya zamani, juu ya gazeti. Ndiyo maana uvivu umepata maficho. Ni kweli risasi ni sumu, vumbi lake halifai kuvutwa na mtu, na sitaki irudi gereji. Nataka masharti yake yarudi.

Nikiwa kwenye puti, hamkuona dakika ya 19? Ndoo ya maji. Nimeandika habari za ndoo ya maji mpaka mhariri ananiomba nipumzike. Puti ya poliesta imejaa unga wa talki na inanyonya. Ukiipiga msasa wa maji, inayanywa yale maji. Ukaja na praima juu yake mchana huohuo, umeyafungia ndani, yakiwa yamelala juu ya chuma kitupu. Puti hupigwa msasa mkavu, na barakoa usoni. Msasa wa maji una mahali pake, kwenye praima iliyokauka na kwenye klia. Yule kijana alimwaga maji, akafuta kwa kitambaa, akapuliza kwa kompresa, akasema pamekauka. Pamekauka juu.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao haukuwamo kwenye video ila uliwahi kunigusa mimi. Gereji moja, sitaitaja, ilinipigia rangi mlango. Rangi nzuri. Baada ya mvua mbili tatu nikaanza kusikia maji yakicheza ndani ya mlango kila ninapokata kona. Walikuwa wameziba vile vitundu vya chini vya kutolea maji, kwa gundi, kwa unadhifu, ili ukingo uonekane laini. Mlango wa gari haujazuiwa kuingiza maji. Maji hupita kwenye mpira wa kioo kila mvua ikinyesha, na vitundu vile vimewekwa ili yatoke. Ukiviziba, umetengeneza birika. Milango, vizingiti vya chini, boneti na mlango wa buti, vyote vina vitundu vya namna hiyo, na karibu kila gari ninalolikagua nakuta kimoja kimezibwa na tope, rangi au lami. Kijiti na dakika chache vinatosha. Hakuna anayefanya, kwa sababu hakionekani kwenye picha.

Kinga yetu nyingine maarufu ni oili chafu. Wanapulizia chini ya gari hadi lidondoke jeusi. Kwa chuma kitupu inasaidia kiasi, lakini inaozesha mpira wa bushi, inakamata vumbi, na kila mvua inakwenda mtaroni. Afadhali hata hiyo kuliko ile lami nzito inayopakwa juu ya kutu ambayo hakuna aliyeikwangua. Lami ikikauka inapata nyufa, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, na bati linaoza kwa amani huku mwenye gari akijisifu kwamba chini ameshapaka. Anayetaka kupaka lami asafishe kwanza, akaushe, apake epoksi, ndipo lami. Na wale watakaoniandikia kwamba Land Rover yao ya zamani haijui kutu: bodi ni aluminiamu tangu ile ya kwanza ya mwaka 1948, sawa. Shasi ni chuma. Ukuta wa mbele, pale miguu inapokaa, ni chuma. Hebu lala chini uangalie.

Sisi wa pwani tuna visingizio vichache kuliko wengine. Anayepanda kivuko cha Kigamboni au Likoni kila siku, na matairi yake yakakanyaga maji kwenye njia ya kushukia, anajua chumvi inakopita. Simameni Feri asubuhi mtazame pikapu za samaki: barafu inayeyuka, maji ya samaki yanapita kwenye mishono ya kitanda, yanatiririka juu ya shasi, yanadondoka kwenye springi. Gari lile linahitaji maji baridi chini yake kila jioni, maji matupu, dakika tano, hasa ndani ya mapinde. Wengi wanaosha juu.

Wanaoagiza kutoka Japani nao wasijidanganye kwamba chumvi inaanzia bandarini kwetu. Hokkaido na mikoa mingine ya theluji humwagiwa chumvi barabarani majira ya baridi, na gari linaweza kushuka Dar likiwa limeshaanza. Karatasi ya mnada husema, ukijua kuisoma. Herufi S ni kutu ya juu, C ni iliyokwisha kula, na namba mbele yake ni ukubwa wa tatizo. Watu wanatazama daraja na kilomita, wanairuka michoro ya bodi pembeni, kisha wananiuliza kwa nini gari la daraja la 4 limetoboka.

Mwenye ile Noah sasa afanye nini? Rangi imeshakauka, pesa imeshalipwa, na sidhani atakubali kukata tena wiki hii. Atoe plastiki ya ndani ya buti upande wa kushoto, aingize taa, atazame nyuma ya lile bati la tatu. Kama panapitika, apulize nta nyembamba ya kupenya, siku moja ya jua kali ili ikimbie kwenye mwanya, arudie baada ya mwezi. Itachelewesha, haitaponya. Puti itakapochora mstari asikubali kupigiwa msasa na kupakwa upya. Kiraka kitolewe na chini yake kikatwe. Halafu kuna upande wa kulia, ambao video nzima haukuonyeshwa hata mara moja. Una umri uleule, umepita kwenye tope lilelile. Aukague kabla ya masika, na kazi ikihitajika aianzie huko, kwa fundi atakayemwambia kabla ya kushika grenda atakata kuanzia wapi hadi wapi.